Ufunguo wa Stoo: Shajara ya Mradi Wetu wa Kugawana Uongozi Shuleni, Newala

Jumatatu, 22 Januari 2024

Naandika usiku, aibu ikiwa bado mbichi. Wiki iliyopita nilikuwa mjini siku tatu kwenye mafunzo ya mtaala mpya. Siku ileile niliyoondoka, saa nane mchana, gari likaleta vitabu vya darasa la kwanza na la tatu. Mwalimu wa zamu akasaini kupokea, mlinzi na wavulana wa darasa la saba wakashusha maboksi, kisha wote wakasimama mbele ya mlango wa stoo wakilitazama kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Maboksi yakalazwa barazani. Usiku ikanyesha mvua ya upepo, ile inayopiga mpaka ukutani, na mlinzi akayabeba peke yake, moja moja, hadi darasa la sita. Mawili yalikuwa yameshaloa chini.

Mvua siyo iliyonichoma. Nimerudi Alhamisi nikayakuta maboksi yamefungwa na utepe wake vilevile. Kwa siku tatu vitabu vilikaa hatua ishirini kutoka kwa watoto waliokuwa wakifundishwa kwa kunakili ubaoni. Nikauliza ofisini, kwa sauti niliyoijutia baadaye, kwa nini hamkugawa. Kimya. Kisha mwalimu wa darasa la kwanza, mama aliyeshika chaki tangu mimi nikiwa mwanafunzi, akasema taratibu: "Hujatuambia tugawe, Mkuu."

Hakusema kwa kiburi. Alikuwa ananisomea kanuni ya shule hii kama nilivyoijenga mwenyewe kwa miaka minne. Nimewazoesha watu wazima kumi na mmoja, kila mmoja na cheti chake, kuningoja mimi.

Ijumaa, 26 Januari

Nimewaomba radhi leo kwenye kikao. Sikulizungusha. Nikawaambia pia kwamba mwaka huu hatuwezi kuendelea kungojana. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeanza kuingia darasani mwezi huu: awali, la kwanza, la tatu, na kule sekondari kidato cha kwanza cha mkondo wa amali. Darasa la kwanza sasa wanasoma Kiingereza, ambacho zamani walikuwa wanakikuta la tatu. Elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, kwa hiyo hawa tuliowapokea la tatu watamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na wenzao watakaokuwa wanamaliza la saba. Mimi niliyekaa mafunzoni siku tatu najua nilichorudi nacho: makabrasha, na picha za slaidi kwenye simu. Hayo hayatoshi kuongoza watu kumi na mmoja katika masomo yote.

Kuna kitu kimenirudia kichwani wiki hii. Mwaka juzi tulijenga vyumba viwili kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inasimamia ujenzi bila mkandarasi. Fedha ziliingia kwenye akaunti ya shule, na utaratibu ukatutaka tuunde kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Anayenunua saruji siye anayeipokea. Wakati ule niliona ni usumbufu mtupu. Lakini kamati ya mapokezi, ambayo mwenyekiti wake alikuwa mzee wa kijiji mwenye mikorosho yake na miwani iliyofungwa uzi, ilirudisha nondo kwa sababu zilikuwa nyembamba kuliko zilizoandikwa kwenye karatasi. Fundi alikasirika, na mimi nilikasirika. Vyumba vile leo vimesimama.

Basi nikauliza: ukuta tunaujenga kwa mikono mingi inayokaguana, mbona masomo nayashika peke yangu?

Ijumaa, 2 Februari

Mradi umeanza rasmi, kama kuna urasmi katika kaunta buku nene iliyonunuliwa dukani kwa Mpemba. Tumeiita daftari la maamuzi. Halikai ofisini kwangu, linakaa ofisi ya walimu juu ya meza, na kalamu imefungwa kwa kamba.

Tumekubaliana hivi, ndani ya Jumuiya ya Ujifunzaji tuliyoiunda tulipoelekezwa kwenye MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo kusema kweli ilikuwa inaishi kwenye faili tu. Kila badiliko tunalotaka kulijaribu linapewa mwenye jambo na mpokeaji. Mwenye jambo analiongoza. Mpokeaji, kama yule mzee wa nondo, kazi yake ni kwenda kuangalia kama jambo limefika kwa mtoto, kisha aje aseme. Hamkagui mwenzake, anapokea mzigo. Halafu inaandikwa tarehe ya kulirudia, ili lisije likawa sheria ya milele kwa sababu tu hakuna aliyelifuta.

Badiliko la kwanza tumeliandika leo. Ufunguo wa stoo sasa ni miwili. Mmoja uko kwangu, wa pili kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Nilipomkabidhi aliufunga kwenye ncha ya khanga yake akapiga fundo mara mbili.

Alhamisi, 29 Februari

Mwezi umekwisha na lazima niandike kilichoharibika.

Baada ya kikao kile nilishikwa na hamasa. Nikakaa Jumamosi nzima nikatengeneza jedwali: mwalimu wa mazingira, wa afya, wa lishe, wa usomaji, wa vishikwambi, wa wazazi, kila mtu na cheo. Nikalibandika ukutani. Nilidhani nimegawa uongozi. Leo mwalimu wa Hisabati, kijana asiyependa maneno mengi, amesimama mbele ya jedwali akahesabu kwa kidole. Yeye ana vyeo vinne. Ana vipindi ishirini na nane kwa wiki. Ana zamu. "Mkuu," akaniambia, "hapa umetugawia kazi. Uamuzi bado uko kwako."

Ni kweli. Mwalimu wa lishe hawezi kununua kilo moja ya mahindi bila mimi. Mwalimu wa vishikwambi hana ufunguo wa kabati la vishikwambi. (Hivi ni vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, vikaletwa kwa walimu, vyetu vingi vilikuwa kabatini vimezima.) Mtu akipewa jina bila ufunguo, bila fungu na bila haki ya kusema hapana, umempa lawama ya kesho.

Nimelibandua jedwali mwenyewe. Mwalimu wa Hisabati akapendekeza safu ya tano kwenye daftari, nayo naiona kuwa ndiyo akili ya mradi huu mpaka sasa: kila jambo linaloongezwa, liandikwe na linaloondolewa. Ukimpa mtu jambo la kuongoza, mpunguzie zamu, au kipindi, au ripoti ambayo hakuna anayeisoma. Tumekuta ripoti mbili za namna hiyo. Nilikuwa ninazidai kila mwezi na kuziweka kwenye faili bila kuzifungua.

Ijumaa, 15 Machi

Ramadhani imeingia juzi Jumanne. Kikao cha Ijumaa tumekihamishia asubuhi baada ya paredi, maana mchana waliofunga wamechoka na wengine wanawahi msikitini. Aliyependekeza ni mwalimu wa Sayansi, ambaye ni Mkristo. Dakika kumi na tano tu, wote wamesimama, anaongoza mwalimu wa zamu. Mimi nasimama nyuma karibu na dirisha.

Ugumu wake kwangu ni kunyamaza. Leo nimeingilia mara mbili.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo nilikuwa mpokeaji wa Kiingereza darasa la kwanza, na nataka kuandika nilichokiona chote kabla hakijachujuka.

Jambo lenyewe lilikuwa na mgogoro. Mama wa darasa la kwanza anajulikana kata nzima kwa KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto akipita kwake anasoma. Lakini Kiingereza hakukisomea kwa kukifundisha watoto wadogo, na alishasema wazi kwamba mtaala umeletwa kumstaafisha kabla ya wakati. Upande wa pili tuna mwalimu wa kike wa ajira mpya, Kiingereza kimemkaa vizuri, ila hajawahi kusimama mbele ya watoto tisini na wanne. Zamani ningeamua dakika moja: binti achukue kipindi, mama apumzike. Wangetii. Na ningekuwa nimemvunja moyo mwalimu bora niliye naye.

Wao wenyewe walikaa wakaamua kuingia wote wawili.

Leo binti alianza. Alinyanyua kikombe akataja jina lake kwa Kiingereza. Watoto wa mbele wakaitikia, wa katikati wakaitikia nusu, wa nyuma walikuwa wanagombania kipande cha mkeka. Akapaza sauti. Kelele nayo ikapanda. Akapiga makofi ya kuwanyamazisha, wakanyamaza kidogo, zikarudi. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, mikono mapajani, na hakunyanyuka. Nilikuwa namtazama usoni nikijua anajua la kufanya. Alimwacha amalize kipindi chake kwa heshima yake.

Nje, chini ya mwembe, ndipo akamwambia. "Mwanangu, usihangaike na midomo yao. Ipe mikono kazi."

Kipindi cha pili wakaingia na ndoo ya vizibo vya soda, vilevile anavyotumia kuhesabia. Kila mtoto vizibo viwili. Binti anataja rangi, mtoto anainua. Anataja namba, mtoto anapanga. Darasa lilitulia hivi kwamba nilisikia vizibo vikigonga sakafu. Halafu mama akasimama kutoka benchi la nyuma, akaja mbele, akataja neno yeye mwenyewe, akalikosea. Akageuka kwa binti mbele ya watoto wote: "Nisahihishe, mwalimu." Binti akasita. Mama akasubiri. Akasahihishwa, akarudia, na watoto tisini na wanne wakarudia pamoja naye.

Nimeandika kwenye safu ya mpokeaji: limefika. Nimeandika pia kwamba vizibo havitoshi, kuna watoto kama kumi na tano walikuwa wanainua vidole vitupu.

Jumatano, 8 Mei

Kimbunga Hidaya kilifika pwani Jumamosi. Kwetu huku juu ya tambarare ilikuwa mvua na upepo, tukasalimika, lakini kule Kilwa maji yamekata barabara ya Dar es Salaam. Yule binti alikwenda Dar kwa msiba wiki iliyopita na sasa amekwama njiani, mabasi yamepanga foleni.

Jumatatu asubuhi nilikuja nikijiandaa kupanga upya vipindi vyake. Nimekuta vimeshapangwa. Mama amechukua Kiingereza cha la kwanza, anafundisha maneno aliyokwisha kusahihishwa, na mengine anatumiwa na binti kwa sauti kwenye WhatsApp. Nilimkuta barazani na kishikwambi sikioni akirudia neno kwa midomo bila sauti.

Sikuwa na la kufanya, nikaenda kuangalia bomba la kuvunia maji ya mvua kwenye tangi. Mtu wa Newala anajua thamani ya mvua. Maji ya bomba kutoka chanzo cha Mitema yakisumbua, tangi la shule ndiyo akiba, na bomba lilikuwa limechomoka.

Ijumaa, 24 Mei

Leo limeulizwa swali nililokuwa nalisubiri tangu Februari. Mwalimu wa Maarifa ya Jamii, kwa adabu lakini bila kupepesa: "Mkuu, uongozi tunagawana. Na ile laki mbili?"

Anasema posho ya madaraka, shilingi 200,000 kwa mwezi ambazo walimu wakuu tunalipwa. Ofisi ikawa kimya kama msikiti saa ya hotuba.

Nimejibu nilivyoweza. Posho inakuja kwa jina langu kwa sababu ikitokea hoja ya ukaguzi, jina langu ndilo linaloitwa, na sahihi yangu ndiyo iko benki. Hilo sitaligawa hata nikitaka. Lakini swali ni halali. Haiwezekani mtu aongoze jambo la shule kwa nauli yake na vocha yake. Tumekubaliana: kila mwenye jambo, gharama zake ziandikwe kwenye daftari na ziingie kwenye mpango wa matumizi ya ruzuku kama uendeshaji, zipitishwe na kamati ya shule kama matumizi mengine yoyote. Zisizoingia kwenye mpango, jambo lisubiri. Vocha za simu za wazazi nimesema nitazibeba mimi.

Sijui kama wameridhika wote. Mwalimu aliyeuliza alinishukuru kwa kulijibu mbele ya watu.

Jumatano, 3 Julai

Shule zimefunguliwa juzi na madarasa yana mapengo, hasa wavulana wa la tatu hadi la tano. Kila mwaka ni hivyo, jando la likizo halijavunjwa. Na kila mwaka mimi, mtu wa kuja, ninaandika barua kali kwa mwenyekiti wa kijiji, na wavulana wanarudi wanaporudi.

Mwaka huu mwenye jambo ni mwalimu wa Kiswahili, Mmakonde wa hapahapa, aliyepitia jando lilelile. Alishakwenda Mei kuwaona manyakanga, wakuu wa jando, kabla hawajapanga tarehe. Hakwenda na barua, alikwenda na kalenda ya shule. Walimwambia kwamba miaka yote hakuna mwalimu aliyewahi kuwaletea hiyo kalenda, walikuwa wanaletewa lawama tu. Kundi moja lilisogeza tarehe na watoto wake wapo tangu Jumatatu. Kundi la pili lilishaahidiana na ndugu walioko mbali, halikuweza. Mwalimu wetu anasema mwakani aende Aprili.

Ijumaa, 12 Julai

Kikao cha leo kimehudhuriwa na mlinzi na mpishi wa uji kwa mara ya kwanza. Wazo lilikuwa la mwalimu wa Sayansi. Mpishi alikaa mlangoni akasema yeye hana la kusema, amekuja kusikiliza.

Mlinzi alikuwa nalo. Miezi hii ya kupulizia salfa mikorosho, wazazi wanatoka alfajiri kabla upepo haujaamka, ili unga ukae kwenye majani. Watoto wadogo hawaachwi nyumbani peke yao, wanasukumwa shuleni. "Saa kumi na moja na nusu nina watoto wangu thelathini, wamekunyata ukutani, baridi ya Newala mnaijua. Nawasha moto. Nyinyi mnakuja saa moja mnawakuta wanacheza, mnadhani wamefika sasa hivi."

Miaka minne na zaidi nimefanya kazi na mtu huyu na sikujua. Hakuna aliyemuuliza.

Limeandikwa: chumba cha la pili kifunguliwe mapema, taa ya sola iwekwe, wanafunzi wa la sita wanaokaa jirani wasome hadithi kwa zamu. Mwenye jambo, mlinzi. Mpokeaji, mwalimu wa Kiswahili. Kinachoondolewa: mlinzi asifagie tena ofisi yangu asubuhi, nitafagia mwenyewe.

Ijumaa, 19 Julai

Leo nimeshindwa kwa kura.

Darasa la saba wanafanya majaribio kila Ijumaa, masomo yote. Ni utaratibu wangu na ninauamini. Walimu wamesema wanasahihisha usiku kucha, wanafundisha wakiwa hoi, na mtoto aliyekosea swali wiki hii halijafafanuliwa bado analetewa jingine. Wanataka kila baada ya wiki mbili, na Ijumaa ya katikati iwe ya kurudia walipokosea. Nikapinga. Nikataja mtihani wa Taifa wa Septemba, nikataja kata, nikataja matokeo ya jirani zetu. Kura tisa kwa tatu.

Ningeweza kulikataa kwa cheo changu. Mkono ulikuwa mezani, karibu na daftari. Nikaliandika kwa mwandiko wangu mwenyewe, mwenye jambo mwalimu wa Hisabati, tarehe ya kulirudia baada ya mtihani. Nimerudi nyumbani sina amani.

Jumanne, 20 Agosti

Na hili lazima liandikwe. Jana nilitoka kata, nikiwa nimeonyeshwa wastani wa mtihani wa majaribio wa shule zetu. Tulikuwa wa tano. Asubuhi nikamwita mwalimu wa darasa la saba nikamwambia Ijumaa hii waandikiwe mtihani, ila asilitangaze ofisini.

Saa nne mwalimu wa Hisabati aliingia ofisini kwangu. Alibisha hodi, akanisalimu, hakukaa. Alikuwa na daftari la maamuzi. Akalifungua ukurasa wa tarehe 19 Julai, akaliweka mbele yangu juu ya barua nilizokuwa nasaini, akageuza upande wangu ili niweze kusoma mwandiko wangu. Hakusema neno. Alisimama mikono nyuma kama mwanafunzi.

Nikalisoma lote, mpaka safu ya mwisho. Nikamwambia, "Nimekosea. Endelea na mpango wenu." Akasema, "Asante, Mkuu," akachukua daftari.

Nimefikiri sana leo kuhusu kile nilichokuwa nafanya. Nilikuwa tayari kwa mabadiliko yote ya wenzangu mradi matokeo yasitetereke. Siku yalipotetereka kidogo, mkono wangu wa zamani ukanyanyuka wenyewe. Na nilijua ni kosa, ndiyo maana nilisema asitangaze. Kama daftari lingekuwa kabatini kwangu, mtihani ungefanyika. Kijana yule angenitii, na asingeniletea wazo jingine maisha yake yote.

Ijumaa, 13 Septemba

Darasa la saba wamemaliza mtihani jana. Matokeo yatakuja wakati wake. Leo tumelirudia jambo la majaribio kama ilivyoandikwa. Mpokeaji, mwalimu wa Sayansi, alipitia madaftari ya watoto ishirini. Kwenye Sayansi na Kiswahili masahihisho yamefanywa na mtoto mwenyewe, kwa kalamu nyingine. Kwenye Hisabati wengi wamenakili jibu la ubaoni bila njia. Mwenye jambo ndiye mwalimu wa Hisabati, na habari mbaya imetoka kwenye somo lake mwenyewe. Aliipokea, akaomba la sita waanze Ijumaa ya marudio tangu sasa, kwa vikundi vidogo.

Linaendelea. Na mimi nilipiga kura ya ndiyo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Korosho. Mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, wiki iliyopita bei imepita shilingi 4,000 kwa kilo, na kijiji kizima kiko chini ya mikorosho. Nafurahi kwa ajili ya wazazi. Hela hii ndiyo sare za Januari. Lakini darasa la tano leo nimehesabu viti vitupu kumi na tisa. Watoto wanaokota, wengine wanauza kwa kangomba, wanunuzi wasio rasmi, njiani, kibakuli kwa kibakuli.

Walimu wa darasa wamekwenda wenyewe kwa wazazi, bila kunisubiri, wakaomba asubuhi iwe ya shule na jioni ya korosho. Wengine wamekubali. Mwalimu wa la tano amepata watoto sita wamerudi. Kumi na watatu bado.

Chumba cha alfajiri kimepungua watoto, salfa imekwisha. Mlinzi ameomba kiendelee hata hivyo, kuna saba ambao wanakuja kwa ajili ya hadithi.

Alhamisi, 14 Novemba

Mwalimu wa Hisabati amepata uhamisho wa kumfuata mke wake. Nimesoma barua mara mbili. Ni haki yake, na nimeisaini leo leo.

Jioni alikaa na mwalimu wa Sayansi, wakapitisha daftari ukurasa kwa ukurasa, kila alipokuwa mwenye jambo anaandika jina la anayepokea na tarehe. Mambo matatu. Kwenye lile la vikundi vya la sita ameandika majina ya watoto na kila mmoja anapokwama: kugawanya, sehemu, mafumbo ya maneno. Zamani mwalimu akihama kwetu, kinachobaki ni chaki na azimio la kazi.

Ameniomba kitu kimoja, niwaandikie huko anakokwenda kwamba huyu ni mtu anayesema. Nimemwandikia hivyohivyo.

Ijumaa, 6 Desemba

Tumefunga shule. Kikao cha mwisho kimeongozwa na mama wa darasa la kwanza, ambaye amekataa kuketi. Tumepitia mambo yote kumi na saba tuliyoyaandika mwaka huu. Tisa yanaendelea. Matano tumeyafuta, na moja la kufutwa lilikuwa langu: ratiba ya usomaji ya jioni ambayo watoto walikuwa wanaikimbia kwenda kuteka maji. Matatu yanasubiri fungu kwenye ruzuku ya mwaka mpya. Upungufu wa vizibo umekwisha, tuna ndoo mbili.

Januari watoto wa mtaala mpya wanaingia la pili na la nne na vitabu vingine vipya vinatarajiwa. Nitakuwa likizo wiki mbili, mama atakwenda Masasi kwa wajukuu. Ameuliza kikao, gari likija na vitabu nani atafungua. Binti wa Kiingereza amesema yeye anabaki.

Mlinzi alikwenda mjini kwa baiskeli na ufunguo wa mama, fundi wa sokoni akachonga wa tatu. Shilingi 3,000, risiti imebanwa kwenye ukurasa. Binti amesaini kupokea.